Simbilisi wa nyumbani: majani matupu, peleti za sungura, au mchanganyiko wa kutengeneza wenyewe?

MamaPacha_Iringa
Wakuu, habari za leo. Wanangu wanafuga simbilisi watano, madume wawili kwenye banda lao na majike watatu kwenye la pili. Hawa si wa kuchinja, kila mmoja ana jina lake na wanalala karibu na jiko kwa sababu ya baridi ya huku kwetu. Kwa sasa wanakula matete na maganda ya mboga yanayobaki jikoni.

Nataka nipange chakula chao vizuri, na nimepewa ushauri wa aina tatu. Jirani anasema majani yanatosha, nisijisumbue. Muuza duka la mifugo anasema ninunue peleti za sungura, zile punje za chakula kilichosagwa na kushindiliwa. Shemeji yangu anafuga kuku, yeye ananiambia nichanganye pumba na mashudu mwenyewe, ndiyo rahisi na wananenepa. Nikisoma mtandaoni nakuta mapishi ya Ulaya yenye vitu ambavyo Iringa sivioni. Jike mmoja naona ana mimba, ndiyo maana nina haraka. Naomba tulinganishe, kwanza afya, halafu gharama.

Mlimani_Njombe
Karibu dada. Jirani yako yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Simbilisi ni mnyama wa majani, tumbo lake limeumbwa kwa nyuzinyuzi, na meno yake yote, mpaka magego, hayaachi kukua maisha yake yote. Kinachoyasaga ni kutafuna majani magumu mchana na usiku. Ukimnyima majani ukampa laini tupu, meno yanarefuka, anaanza kudondosha mate, chakula kinamshinda mdomoni.

Wangu nawakatia matete machanga, ukoka, matembele, na mashona nguo kabla hayajatoa mbegu. Nakata umande ukishakauka, kisha natandaza kivulini kwanza. Majani mabichi yaliyorundikwa kwenye gunia yanapata joto ndani, na ukiyatoa hivyo hivyo ukawapa wanavimba tumbo. Weka mkono katikati ya rundo: ukihisi uvuguvugu, hayo ni ya mboji, usiwape.

WaThika
Habari zenu. Majani ni mazuri ukiwa na shamba. Sisi tulio kwenye ploti za mjini tunanunua hei ya Rhodes, yaani nyasi za Rhodes zilizokaushwa, kwa belo, tunaongeza peleti. Faida ya peleti ni kwamba kila punje ni sawa na nyingine. Ukitoa mchanganyiko wa nafaka, mnyama anachagua anachokipenda, kingine anakipiga teke. Kwenye peleti hakuna kuchagua. Mvua ikinyesha wiki nzima huna hofu ya nyasi mbichi zilizolowa. Kwangu peleti na hei zinashinda, hata bei ikiwa juu kidogo.

ShambaDarasa_Moro
Ninafanya kazi ya mifugo huku Morogoro, naomba niongeze jambo moja ambalo bila hilo ulinganisho wote huu haukamiliki: vitamini C.

Sungura, kuku, mbuzi, ng'ombe, wote wanajitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi hawezi, kama sisi binadamu. Ini lake halina kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kuitengeneza, kwa hiyo lazima aile kila siku. Simbilisi aliyekomaa anahitaji kama miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye mimba au anayenyonyesha anafika miligramu 30. Akikosa, wiki mbili au tatu zinatosha kuanza kuona dalili: manyoya yanasimama, anakaa pembeni amejikunyata, hataki kutembea, viungo vya miguu vinavimba, ukimshika analia kwa maumivu. Wengi wanadhani amepigwa baridi au ameumizwa na watoto, kumbe ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Sasa rudi kwenye peleti za sungura. Zimetengenezwa kwa ajili ya sungura, na sungura haihitaji, kwa hiyo kwa kawaida hawaweki vitamini C. Unaweza kumlisha simbilisi peleti hizo na hei nzuri, ukaona sahani inaisha kila siku, na bado akaugua kiseyeye. Hata zile peleti maalumu za simbilisi zinazouzwa nje, vitamini iliyomo inapungua kadiri mfuko unavyokaa, ndiyo maana wanashauri zitumike ndani ya siku 90 tangu zitengenezwe. Mfuko uliopita bandarini, ukakaa ghalani, ukakaa dukani juani, usiutegemee kwa vitamini C.

Hei nayo ni hivyo hivyo. Nyasi zikiwa mbichi zina vitamini C, zikikauka nyingi inapotea. Kwa hiyo anayelisha hei na peleti za sungura ndiye aliye kwenye hatari kubwa kuliko huyo wa majani mabichi ya kando ya shamba. WaThika, sikupingi kwamba ni rahisi, lakini bila kitu kibichi kila siku, mpango huo una pengo.

WaThika
Nimekuelewa daktari. Wangu napenda kuwapa karoti kila asubuhi, nilidhani hapo pengo limezibwa.

ShambaDarasa_Moro
Karoti ina miligramu 6 hivi tu katika gramu 100, na sukari yake si kidogo. Tango ni kama 3. Hizo ni vitafunwa. Hoho ya kijani ina kama 80 katika gramu 100, nyekundu inazidi 120. Mapera ndiyo yamepita wote, zaidi ya 200. Chungwa lina 50 na kitu. Kabichi na sukuma wiki zinacheza kwenye 35.

Chukua simbilisi wa kilo moja. Kipande cha hoho ya kijani cha gramu 25, yaani kama robo ya hoho ya wastani, kinampa miligramu 20. Ameshavuka kiwango chake. Yule jike wa MamaPacha mpe gramu 40, anafika 30 na zaidi. Hoho moja kubwa inagawanywa kwa wanyama kadhaa, wala si gharama ya kutisha.

Bukavu_Kobayi
Jambo wote. Kwetu huku Kivu Kusini kobayi, ndivyo tunavyowaita simbilisi, wapo karibu kila kijiji, na kazi ya kuwalisha ni ya watoto wakitoka shule. Hakuna peleti. Wanakatiwa majani, wanapewa maganda ya ndizi, majani ya viazi vitamu, na hawaonyeshi kiseyeye kwa sababu kila siku kuna kitu kibichi. Tatizo letu ni kiangazi. Nyasi zinakauka zote, watoto wanaleta chochote cha kijani wanachokiona, hapo ndipo wanyama wanakufa.

Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sayanidi, wasipewe. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya, hapana. Majani na tunda la parachichi, hapana kabisa. Kitunguu na kitunguu saumu, hapana. Maharage makavu mabichi, hapana. Wafundisheni watoto hili kabla hamjawapa panga la kukatia, kwa sababu majani ya muhogo ndiyo yaliyo karibu na kila nyumba.

KukuNaPumba_Singida
Naona mmeusahau upande wa shemeji. Mimi nachanganya mwenyewe: pumba za mahindi sehemu sita, mashudu ya alizeti sehemu mbili, ngano iliyopondwa sehemu moja, nalowesha kidogo isiwe vumbi. Wanakimbilia. Wanaongezeka uzito haraka. Alizeti huku ni ya kumwaga, gharama ni ndogo kuliko peleti mara nyingi. Na mashudu yana protini ambayo matete yaliyokomaa hayana. Msiwatishe watu, mchanganyiko unafanya kazi.

Mlimani_Njombe
Kunenepa kwa simbilisi wa kuchinja ni sawa, una tarehe yake. Huyu wa watoto anatakiwa aishi miaka mitano au sita. Jike mnene akipata mimba ni hatari, siku za mwisho anaweza kuacha kula ghafla na kufa na watoto tumboni.

ShambaDarasa_Moro
Wote wawili mna hoja. Mashudu ya alizeti ni protini nzuri, na jike mwenye mimba au watoto wanaokua wananufaika nayo. Shida ni pale mchanganyiko unapogeuka kuwa chakula chenyewe. Mnyama akishiba pumba saa mbili asubuhi hatafuni nyasi mchana kutwa. Wanga mwingi unavuruga vijidudu vya utumbo mpana, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyommeng'enyea majani. Anakula hata kile kinyesi chake laini ili apate vitamini B zilizotengenezwa humo. Ukivuruga pale, umevuruga kila kitu.

Kipimo ninachowapa watu: vijiko viwili vya chakula vya mchanganyiko kwa mnyama mmoja kwa siku, si zaidi, na bandani nyasi zisiishe saa yoyote. Pumba uzinuse kabla ya kuchota. Zenye harufu ya uvundo au zilizoshikana mabonge zina ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kuanika juani.

Na jambo la shemeji anayefuga kuku: chakula cha kuku cha dukani kisiingie kwenye banda la simbilisi hata kama ni mabaki. Vingine vimewekwa dawa za kuzuia koksidia, vimelea vinavyoharisha kuku. Mnyama huyu hastahimili dawa hovyo. Antibaiotiki za jamii ya penisilini zikipita mdomoni zinaua vijidudu vizuri vya tumbo, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Akiugua usimpe dawa iliyobaki ya kuku au ya mtoto.

KukuNaPumba_Singida
Hapo kwenye vijiko viwili nakubali kujaribu. Mimi nilikuwa naacha bakuli limejaa. Lakini niulize: vitamini C ya vidonge si ningeiweka kwenye maji ya kunywa nikamaliza kazi?

ShambaDarasa_Moro
Kwenye maji inaharibika haraka, hasa kwenye mwanga na kwenye chombo cha chuma. Pia ladha ya maji ikibadilika wengine wanaacha kunywa, hilo ni baya zaidi. Ukikosa kabisa kitu kibichi, saga kidonge cha vitamini C tupu, upake kiasi kinachotakiwa kwenye jani moja umlishe mkononi. Kiwe cha C tupu. Vile vya mchanganyiko wa vitamini vina A na D, hizo zikizidi zinamdhuru.

MamaPacha_Iringa
Asanteni sana jamani, nimejifunza mengi. Niulize mawili. Mchicha na chainizi vipo tele hapa sokoni, niwape kila siku? Na lusini (alfalfa, lile jani la mifugo la jamii ya kunde) nimeona inauzwa imekaushwa vizuri, ina harufu nzuri, je, iwe badala ya matete?

Mlimani_Njombe
Chainizi wape, ila badilisha badilisha, leo hii kesho sukuma au matembele. Mboga za jamii ya kabichi zikiwa nyingi kwa mara moja zinaleta gesi.

ShambaDarasa_Moro
Mchicha usiwe wa kila siku. Una kalsiamu na oksaleti nyingi, na simbilisi anatoa kalsiamu ya ziada kupitia mkojo, hivyo mawe ya kibofu ni ugonjwa wa kawaida kwao. Mara mbili kwa wiki yatosha. Lusini nayo ina kalsiamu na protini nyingi: mpe jike mwenye mimba, mpe watoto mpaka wafike miezi kama sita, lakini madume wako wawili wabaki na matete na Rhodes. Ukiona mkojo una unga mweupe mwingi au damu, au anakojoa kwa kulia, usisubiri, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

WaThika
Basi mimi nabadilisha msimamo kidogo. Hei ya Rhodes wakati wote, peleti nabaki nazo kwa kipimo kidogo, na hoho kila asubuhi badala ya karoti. Mama, kwako wewe mwenye matete karibu, sioni sababu ya kulipia peleti.

MamaPacha_Iringa
Nimeamua hivi, mnisahihishe. Matete na ukoka muda wote. Asubuhi kila mmoja kipande cha hoho au pera, na mboga moja ya majani kama konzi moja. Jioni vijiko viwili vya pumba na mashudu kwa kila jike, madume nusu yake. Lusini kidogo kwa mwenye mimba. Nianze kesho?

ShambaDarasa_Moro
Mpangilio ni mzuri, ila usianze wote kesho. Ingiza kitu kipya kimoja kimoja, kidogo kidogo, kwa siku saba hadi kumi, tumbo lao lizoee. Jike mwenye mimba anzisha hoho leo hii, hiyo haina haja ya kusubiri. Mimba yao ni ndefu, siku 59 hadi 72, na watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi, wanaanza kudonoa majani siku ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo nyasi laini ziwe chini wanapofikia, si kwenye hori la juu.

Na utafute mizani ya jikoni. Muweke mnyama kwenye bakuli, mpime kila Jumapili, mtoto aandike kwenye daftari. Simbilisi huficha ugonjwa mpaka dakika ya mwisho, lakini uzito haufichiki. Akishuka wiki mbili mfululizo na hajazaa, angalia meno kwanza, halafu uulize hapa au umpeleke.

Bukavu_Kobayi
Na maji safi, mama, hata kama majani ni mabichi. Huku watu wengi wanasema kobayi hanywi maji. Anakunywa, hasa anayenyonyesha.