Kaseti za Iron Maiden za marehemu mjomba: zina ukungu, deki haitoi sauti, na mama anataka kuzichoma. Naomba ushauri

Mtoto wa Kambini (Jinja)

Ndugu zangu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alitutoka mwezi wa pili. Alikaa Uingereza zaidi ya miaka kumi, akarudi 1995. Wenzake walirudi na magari, yeye akashuka na deki moja na sanduku la bati limejaa kaseti za video za Iron Maiden, ile bendi ya Uingereza ya metali, muziki wa magitaa mazito. Ukoo mzima ulimcheka. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, baba yuko kambini, na kila Jumamosi nilikuwa nachungulia mlangoni kwa mjomba mpaka aniite niingie.

Ile niliyoikariri ni Live After Death, iliyorekodiwa Long Beach, California, Machi 1985. Inaanza na sauti ya Churchill akihutubia, halafu gitaa zinalipuka. Jukwaa zima wamelifanya Misri ya Mafarao. Mwimbaji, Bruce Dickinson, anaruka huku na huku kama mtu aliyekanyaga siafu. Nicko McBrain mwenyewe humwoni, amefunikwa na ngoma zake kama mwuza masufuria nyuma ya biashara, unaona vijiti tu. Na Steve Harris anaweka mguu juu ya spika ya mbele, anawaelekezea watu gitaa la besi kama bunduki, midomo inaimba kila neno hata akiwa mbali na maikrofoni. Mjomba alikuwa anasimamisha picha hapo hapo. "Huyu ndiye mwenye bendi," ananiambia, "angalia kama kuna neno linampita."

Kuna wimbo wa baharia aliyemuua ndege, dakika kumi na tatu, umetoka kwenye shairi la Coleridge. Katikati gitaa zinatulia, moshi umetanda, unasikia mbao za meli zinalia. Hapo kwa mjomba hata kukohoa ilikuwa kosa.

Sasa matatizo. Kaseti tatu, nikichungulia kwenye kijidirisha, naona vumbi jeupe ukingoni mwa utepe. Nyumba iko karibu na ziwa, unyevu mnaujua. Deki inawaka, nimeiunga kwa waya wa antena kwenye TV ya kisogo, picha inakuja safi lakini sauti ni shhhh tu. Kaseti ya Maiden England ina kipande cha selotepu mgongoni, sijui ni cha nini, naogopa hata kuigusa.

La mwisho ndilo kubwa. Mama ni mlokole wa kweli, si wa Jumapili tu. Alifungua sanduku akitafuta hati za kiwanja, akakutana uso kwa uso na Eddie, lile jitu la mifupa la kwenye majalada. Amesema mwisho wa mwezi vitu hivyo viwe vimechomwa. Nifanyeje?

Fundi wa Busia

Pole kwa msiba, kaka.

Kaseti yenye ukungu USIITIE kwenye deki. Ukungu unahamia kwenye hedi, kile kinachosoma utepe ndani ya deki, na kila kaseti utakayotia baadaye inaambukizwa. Zitenge hizo tatu. Zitie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vijifuko vya chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, uombe kwa wauza viatu wakupe vingi. Ziache wiki mbili au tatu zikauke. Ukungu ukishakauka ndipo unafutika, ila fanyia nje na ufunge pua na mdomo, ule unga si wa kuvuta.

Sauti: deki yako si mbovu. Uingereza na sisi wote tunatumia mfumo mmoja wa picha za TV, PAL, ila kule sauti inakaa megahezi 6 kutoka kwenye picha, huku kwetu ilikuwa 5.5. TV yako inaitafuta sauti mahali ambapo haipo. Achana na waya wa antena. Nyuma ya deki utaona tundu pana la pini 21, linaitwa Skati. Tafuta kichwa cha kutoa Skati kwenda waya za njano, nyeupe na nyekundu, unga kwenye matundu ya AV ya TV. Utasikia.

Selotepu: kaseti za dukani zinakuja zimevunjwa kile kidole cha mgongoni ili usirekodi juu yake. Ukiona shimo limezibwa, mtu alitaka kurekodi. Na mjomba akishataka...

Mtoto wa Kambini (Jinja)

Bannange! Usiniambie hivyo. Mjomba hawezi kufuta Maiden.

Dada wa Arua

Samahani jamani, mimi si mtu wa makelele hayo, lakini si zote ziko YouTube? Kwa nini ugombane na mama mzazi kwa ajili ya plastiki? Weka bando, tazama kwa simu, kaseti mwachie achome apate amani.

Mzee wa Bombo

Dada, kuna ukweli hapo, lakini ngoja tuupange vizuri.

Kijana, matamasha hayo mengi yalishatoka upya kwa DVD, tena picha ikiwa imesafishwa. Live After Death ilirudi 2008. Maiden England ilirudi 2013, na ndani yake wakatia ile filamu ya historia ya 1987, 12 Wasted Years. Mambo ya mwanzoni kabisa, kama tamasha la ukumbi wa Rainbow London la Desemba 1980 wakati mwimbaji ni Paul Di'Anno, yako kwenye The Early Days ya 2004. Kwa hiyo usijiue kunakili kila kaseti. Tena kaseti nyingi za dukani zina kinga ya Macrovision, ukijaribu kunakili picha inawaka na kufifia kama taa wakati umeme unasumbua.

Ila wewe hulilii picha. Nikikuelewa vizuri, wewe unataka kaseti ILE, yenye mikwaruzo pale mjomba alipokuwa anasimamisha. Hiyo YouTube haina.

Mimi nilikuwa dereva Nairobi miaka ya themanini, nikaiona Live After Death kwa Mhindi mmoja Ngara aliyekuwa anakodisha kaseti. Nikairudisha nimechelewa siku tatu, nikalipa faini bila kinyongo. Pale mwisho Eddie anapoinuka nyuma ya ngoma, amefungwa sanda kama Farao, macho yanatoa cheche! Leo vijana wana kompyuta zinazotengeneza majitu ya kila aina na hakuna hata moja linalonistua. Lile lilikuwa jitu la kweli pale jukwaani, unaliona linayumba kidogo, ndiyo utamu wake.

Mama wa Tororo

Mwanangu, pole sana. Nimesoma wote mnajibu habari za waya. Mimi nakujibu habari za mama.

Huyo mama amefiwa na kaka yake. Amefungua sanduku lake akitegemea kuona barua au picha ya nyumbani, ameona fuvu linamcheka. Ungekuwa wewe? Usimwendee na hoja, na usimwendee na DVD ya 2013. Mwambie: mama, nataka kusikia vile mjomba alivyokuwa anacheka. Kaa naye, mpe chai, mwache azungumze kwanza. Pia hayo majalada yatie kwenye bahasha za kaki, andika namba. Sanduku likifunguliwa, asione jitu tena.

Na ukikuta kaseti yenye mambo ya kishetani kweli, iondoe. Usimdanganye mama.

Kijana wa Ntinda

Nimecheka hapo kwa "mambo ya kishetani kweli", shikamoo mama lakini.

Kaka, una silaha moja hujaitumia. Yule mpiga ngoma unayesema haonekani, Nicko McBrain, ameokoka! Aliokoka Florida, Marekani, mwaka 1999, na aliendelea kupiga na Maiden mpaka alipostaafu safari za matamasha Desemba 2024. Halafu ule wimbo wa 666 unaoogopwa, The Number of the Beast, maneno ya mwanzo yanayosomwa ni Ufunuo, pamoja na 13:18. Steve Harris aliuandika baada ya kuota ndoto mbaya kutokana na filamu. Ni mtu anasimulia jinamizi. 1982 kuna Wamarekani walichoma sahani za nyimbo za Maiden, kwa hiyo mama yako si wa kwanza.

Raising Hell ya 1993 ndiyo uifiche, kama mjomba alikuwa nayo. Mle kuna mtu wa mazingaombwe, Simon Drake, anakata watu viungo jukwaani, na mwisho Bruce mwenyewe anatiwa kwenye sanduku la misumari. Ni kiini macho, lakini nenda kamweleze mlokole kiini macho.

Mnaosema metali si muziki wetu, ile bendi ya metali ya Nairobi inayoitwa Duma, walirekodi albamu yao hapa hapa Kampala, ikatoka 2020.

Mtoto wa Kambini (Jinja)

Asanteni sana wote. Nimerudi na habari, ni wiki tatu sasa.

Kichwa cha Skati nilikipata Kampala kwa fundi mmoja wa redio, shilingi 15,000, alikuwa amekisahau ndani ya kopo la misumari. Nikaunga. Sauti ikaja! Fundi wa Busia, ubarikiwe. Zile tatu ziko kwenye ndoo na vijifuko arobaini na moja, wauza viatu wananiona kichaa.

Mama nilimfanyia kama alivyosema mama wa Tororo. Majalada yako kwenye bahasha. Tulikaa jioni, akanisimulia mambo ya mjomba ambayo sikuyajua, kwamba alikuwa anamtumia ada ya shule kutoka kule na yeye mwenyewe anakula mkate na chai. Baadaye nikamgusia habari ya Nicko kuokoka. Akafikiri, akaniuliza: "Ameokoka, halafu akaendelea kupiga miaka yote hiyo?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi mchungaji wake ana kazi." Lakini hakuondoka.

Tukatia Maiden England, ile ya selotepu. Birmingham, Novemba 1988, jukwaa limepambwa kama barafu. Mama anashona kitambaa, haangalii, ila mguu niliuona unagonga sakafu kwenye Wasted Years. Tukafika Seventh Son of a Seventh Son, Bruce anapanda juu, na hapo hapo, krrr, mistari mieupe, halafu nyasi za kijani. Mpira! Kombe la Dunia 1990, robo fainali, Uingereza na Kameruni, kipindi cha pili ndiyo kinaanza, Platt wa Uingereza ameshafunga moja.

Niliumia, siwezi kusema uongo. Kisha nikahesabu nyimbo zilizofutwa. Wa kwanza baada ya pale ni The Number of the Beast. Nilipomwambia mama akaweka sindano chini, akainua mikono: "Unaona? Mungu amefuta mwenyewe."

Mzee wa Bombo

Hahaha! Mjomba alikuwa Mwafrika kwanza, Maiden baadaye. Siku hiyo hata mimi ningefuta harusi yangu.

Fundi wa Busia

Huyo alirekodi kwa haraka, kaseti tupu hakuna, akashika iliyokuwa karibu. Sasa hicho kipande ndicho ukinakili, hakina Macrovision, na ile pale krrr usiikate. Safisha hedi kwanza: karatasi laini na spiriti ya isopropili, ishikilie imetulia, wewe zungusha kwa mkono ngoma ya hedi, lile duara la chuma linalozunguka. Usisugue juu chini, na pamba za masikio usilete kabisa, nyuzi zinanasa hedi inang'oka.

Dada wa Arua

Haya nimeshindwa, mimi mwenyewe nataka kuiona. Mama amekubali zikae?

Mtoto wa Kambini (Jinja)

Hajasema ndiyo. Ila mwisho wa mwezi umepita na kiberiti kiko jikoni. Na jana alikuja na shangazi, akasema nimwekee "ule mpira wa kaka".

Kijana wa Ntinda

Mwambieni shangazi asiweke moyo. Lineker atafunga penalti mbili, tunatolewa 3-2 muda wa nyongeza.

Mtoto wa Kambini (Jinja)

Haifiki huko. Kundé anasawazisha, Ekéké anafunga la pili, watu wa Kameruni wanacheza wanavyotaka, na kama dakika ya themanini utepe unakwisha, deki inairudisha kaseti yenyewe. Shangazi ameondoka anajua tulishinda.