Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya lori imekufa, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, nabeba machungwa ya Muheza kwenda Dar kwa lori la zamani. Wiki ya tatu sasa likipata moto linazima ghafla, haliwaki mpaka lipoe. Juzi limenizimikia Segera na mzigo juu, nusu umeharibika, roho inaniuma. Fundi umeme kapima betri, waya na sensa, vyote vizima. Tulipofungua kontroli boksi tukakuta kutu ya kijani kwenye pini na kapasita moja (kifaa kidogo cha kutunza chaji ya umeme) imevuja.

Nimepata ya mtumba, namba zinafanana isipokuwa herufi ya mwisho. Fundi anasema tufunge tu. Mimi nahofia itakataa ufunguo wangu kwa kuwa haiutambui, naona bora data za boksi ya zamani zihamishiwe humo kwanza. Au nibadilishe kapasita tu kwenye boksi ya zamani? Aliyewahi kufanya hili anielekeze tafadhali.