Wadau, radi ikianza watoto wako ufukweni tunawakimbizia wapi?

Kocha wa Raskazone
Habari za asubuhi wana Tanga. Nafundisha watoto mpira kila jumamosi kule ufukweni Raskazone, wako kama 25, miaka 8 mpaka 13. Juzi wingu lilikuwa limefunga huko upande wa Pongwe, kwetu jua kali kabisa, nikasema ngoja wamalize kipindi cha pili, mara radi ikapiga mnazi karibu na tulipo, yani kile kishindo siwezi kuelezea, watoto wengine mbio chini ya mwembe, wengine kwenye banda la makuti, wengine wamebaki majini wanalia. Mungu katunusuru ila toka siku ile usingizi sina. Masika ndo hii. Banda la makuti linatosha? Na nikae muda gani kabla ya kuwarudisha? Mzazi mmoja kasema nikataze nguo nyekundu tu basi.

fundi umeme Ngamiani
Pole kocha. Banda la makuti linazuia jua na mvua, radi halizuii hata kidogo. Wapeleke kwenye nyumba ya ukuta iliyofungwa pande zote, yenye waya za umeme na mabomba, na wakiwa ndani wasiguse bomba wala kitu kilichochomekwa kwenye soketi. Gari la bodi ya chuma nalo linafaa, pandisha vioo, daladala sawa, bajaji hapana. Watu wanasema ni matairi, sio, ni ile bodi inapitisha umeme nje mpaka chini. Mwembe ndo mbaya kuliko vyote, radi ikiupiga inamrukia aliyesimama karibu na nyingine inatambaa ardhini, ndo maana unasikia ng'ombe wengi wamekufa chini ya mti mmoja. Nguo nyekundu haihusiani. Radi inapenda kitu kirefu kilichosimama peke yake, na pale maji yakitoka mtoto mwenyewe ndo mrefu.

Mvuvi Sahare
Usingoje mvua kocha, radi inaweza kupiga kilomita 10 na zaidi mbele ya mvua. Ukiona mmweko anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30 toa watoto, waliomo majini kwanza. Kurudi ni dakika 30 toka ngurumo ya mwisho, ikinguruma tena unaanza upya hata kama zimebaki dakika mbili. Sisi kwenye ngalawa mlingoti ndo unaotuponza, nimeshazika mwenzangu kwa hilo.

Dada Nesi
Naongeza, aliyepigwa na radi HABAKI na umeme mwilini, mshike msiogope!! Wengi wanapotea kwa sababu watu wanasimama mbali wanamwangalia. Wakiwa kadhaa anza na aliyelala kimya hapumui, anayelia atasubiri. Bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kama unajua kumpulizia pumzi mpulizie, mwingine apige 114 au 112.

Kocha wa Raskazone
Asanteni sana jamani. Leo jioni nimetembea na watoto wadogo kutoka uwanjani mpaka jengo la jirani, dakika 4, mwenye jengo kakubali kuniachia ufunguo jumamosi. Filimbi mbili ndefu, mpira unaachwa hapo hapo. Vipi magoli ya chuma, niyang'oe?

fundi umeme Ngamiani
Usipoteze muda kuyang'oa wingu likiwa juu, wakae mbali nayo tu na waelekee huko kwenye jengo.