Hamu ya kitu kitamu: tende, ndizi ya kugandisha, chokoleti nyeusi, asali au stevia?

KijikoKidogo (mwanzisha mada)
Wadau, tulinganishe kwa vipimo, maana neno "asilia" linawafanya wengi waache kuhesabu. Msingi wangu ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015: sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo 5 ni gramu 25, yaani vijiko vidogo 6 hivi. Sukari huru ni ile inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na asali, sirapu na juisi ya matunda, hata uliyoikamua mwenyewe. Iliyo ndani ya tunda zima au maziwa haimo.

Kwa kipimo hicho naweka tunda zima mbele, tende nyuma yake, kisha chokoleti yenye kakao asilimia 70 au zaidi. Asali naiweka mwisho. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4. Cha asali kina karibu 6, kwa kuwa asali ni nzito. Anayebadilisha kijiko kwa kijiko anaongeza sukari, hapunguzi.

JikoLaJioni
Naunga mkono tunda kuwa mbele, ila mtu mwenye hamu ya aiskrimu humtulizi kwa tofaa. Hapo ndizi ya kugandisha haina mpinzani, ikitengenezwa sawasawa.

Chagua ndizi zenye madoa meusi kwenye ganda. Wanga wake umeshageuka sukari, kwa hiyo huhitaji kuongeza kitu. Menya kabla ya kugandisha, maana ganda lililoganda halitoki. Kata vipande vya sentimita 1 hadi 2, vitandaze kwenye sinia visigusane, uweke kwenye friza saa 4 au usiku kucha. Kisha saga.

Wengi huharibu hapa. Mwanzo itakuwa chenga kama mchanga mbichi, halafu mabonge yanayogonga kuta za blenda, na mtu huona imeshindikana akamwaga maziwa. Usimwage. Zima, kwangua pembeni, endelea. Ghafla itageuka laini na nzito, ikizunguka kwa pamoja. Mota ikipata moto ipumzishe dakika 3. Ikikataa kabisa, kijiko kikubwa kimoja cha maziwa kinatosha. Kwa ndizi 2 weka vijiko vidogo 2 vya kakao isiyo na sukari na chembe ya chumvi. Iliwe papo hapo: ukiirudisha kwenye friza inakuwa jiwe, na itabidi uitoe dakika 15 kabla ya kula.

Mdalasini
JikoLaJioni, ndizi mbichi zisiguswe kabisa: zinaacha ladha ya wanga na ukavu mdomoni ambao hata kakao haiufichi.

TendeTatu
Naitetea tende, lakini kwa kuihesabu. Tende moja ya aina ya Medjool ina uzito wa gramu 24 hivi, na takriban 16 kati ya hizo ni sukari. Tatu zinakaribia gramu 50. Ina nyuzinyuzi, ndiyo, lakini kalori zake ziko palepale. Pasua 2, toa kokwa, jaza lozi mbili mbili ndani, tafuna taratibu. Mafuta na protini ya lozi hupunguza kasi ya usagaji wa chakula tumboni, na shibe inakaa. Sukutua maji baadaye kwa sababu tende hung'ang'ania kwenye meno.

Kwa keki, loweka gramu 200 za tende zisizo na kokwa katika mililita 120 za maji ya moto kwa dakika 20, usage pamoja na maji hayo. Anza na uzito uleule wa sukari unayoiondoa, upunguze kimiminika kingine vijiko vikubwa 2 kwa kila gramu 100 za rojo, na ushushe joto la oveni nyuzi 10 hadi 15 kwa kuwa inaungua mapema juu. Keki itashikamana zaidi. Punje za sukari zinapopigwa na siagi ndizo zinazoingiza hewa, na rojo haina punje. Hata ukiongeza hamira ya unga (baking powder) haitakuwa nyepesi kama ile ya sukari, kwa hiyo rojo itumie kwenye keki ambazo kwa asili yake ni nzito.

Mgeni_wa_Stevia
Wakuu, mbona stevia, kitamu cha majani ya mmea, hamuitaji? Haina kalori kabisa.

KijikoKidogo
Stevia safi ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, kwa hiyo chembe ikizidi unapata uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Inafaa kwenye chai au mtindi. Kwenye keki inakuangusha: sukari hushika unyevu, hujaza ujazo na huleta rangi ya kahawia, na stevia haifanyi lolote kati ya hayo. Soma pia orodha ya viambato, maana pakiti nyingi zimejazwa maltodekstrini (unga unaotokana na wanga) au erithritoli (kitamu kingine kisicho sukari).

Tena, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Mdalasini
Erithritoli ina utamu wa asilimia 60 hadi 70 wa sukari, inaacha ubaridi mdomoni, na kitu kikipoa hurudi kuwa punje. Zailitoli, kitamu kingine cha aina hiyo, ina utamu sawa na sukari lakini ni sumu kwa mbwa, hata kidogo, na kwa binadamu ikizidi inaharisha.

JikoLaJioni
Kuhusu chokoleti: asilimia 70 inajumlisha kakao na siagi yake, na kilichobaki karibu chote ni sukari. Vipande viwili vya gramu 10 kila kimoja vina gramu 6 hivi. Ya asilimia 85 inashuka hadi karibu 3. Iache iyeyuke ulimini badala ya kuitafuna. Anayetoka kwenye chokoleti ya maziwa asirukie 85, ataichukia. Aanze na 60, akae nayo wiki mbili.

TendeTatu
Nyongeza muhimu kwa wazazi: asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata ya kupaka kwenye chuchu ya bandia, kwa hatari ya botulizimu (sumu ya bakteria inayolegeza misuli).

Mgeni_wa_Stevia
Na mwenye kisukari anayetumia insulini, sukari ikishuka ghafla, tende na lozi zinatosha?

KijikoKidogo
Hapana, ndugu. Hapo anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka: vidonge vya glukosi, au mililita 150 za juisi. Apime tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini arudie. Mafuta ya lozi na ya chokoleti yanaichelewesha sukari kuingia kwenye damu, kwa hiyo wakati huo viweke kando.