MJADALA: Uchumi unaweza kuendelea kukua huku tunavuna mali asili kidogo?

Mwana wa Katonga
Wadau salaam. Naleta hoja hii maana hapa Kigoma mjini tumeibishania mpaka watu wamenuniana. Wapo wanaosema uchumi haukui bila kuvuna zaidi, samaki zaidi, miti zaidi, mafuta zaidi, ukipunguza tu umasikini unarudi. Wengine wanasema teknolojia itatufikisha tupate hela nyingi kwa kutumia kidogo. Mi nasema inawezekana kabisa, ila mpaka unatangulia, yaani kwanza tukubaliane tunatoa kiasi gani Ziwa Tanganyika na porini, teknolojia ije baadae. Tukianza na teknolojia bila mpaka, kile tunachookoa tunakirudisha kwenye kuvuna zaidi.

Angalieni vipe vyetu, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa usiku kwa taa. Enzi za karabai usiku mmoja unaunguza mafuta ya taa mpaka faida inaisha, zikaja taa za LED za betri zinazochajiwa kwa sola, gharama ikashuka. Mafuta tumeokoa, hilo sibishi. Ila ile hela iliyobaki, wenye vipe ninaowajua mi wameongezea taa, mwingine kaongeza nyavu, ko mafuta yamepungua ila dagaa tunaowatoa wamezidi. Na sio sisi tu. Mchumi wa Uingereza, William Stanley Jevons, aliliandika hili mwaka 1865 kuhusu makaa ya mawe: injini ya James Watt ilikula makaa kidogo kuliko zile za mwanzo, ungetegemea makaa yabaki, kumbe kwa vile imekuwa rahisi kuiendesha kila mwenye kiwanda akaitaka na makaa yakachimbwa mengi kuliko zamani. Dunia nzima ndo ilivyo, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa vitu vinavyochimbwa na kuvunwa kwa mwaka vilikuwa kama tani bilioni 30 mwaka 1970, sasa zimepita bilioni 100, na mashine zote hizi za kisasa tunazo. Karibuni.

Msomi wa Kasulu
Kaka umeruka upande wa pili. Uingereza hiyohiyo, gesi joto wanazotoa zimeshuka karibu nusu tangu 1990 na uchumi wao umekua ndani ya muda huohuo, kituo chao cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe kimefungwa Septemba 2024. Huo ni ushahidi. Halafu njoo hapahapa nyumbani kwenye michikichi, TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, wanatoa miche ya tenera, aina ya mchikichi chotara, kokwa lina gamba jembamba na nyama nene, heka ileile inatoa mawese mengi kuliko michikichi ya asili bila kufyeka pori. Kama huko sio kukua kwa kutumia kidogo basi ni nini?

Mtu wa Urambo
Huku Tabora yanayosemwa na mwanzisha mada tunayaona kwenye tumbaku. Tumbaku ya mvuke haikauki bila kuni. Bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, la kisasa linakula kuni kidogo kuliko la zamani, kweli kabisa, lakini jirani yangu alipoona kuni zimepungua akajenga la pili na heka akaongeza. Kinachonipa moyo ni asali, maana nyuki wanataka miombo, miti ya misitu yetu, iliyosimama, ukiukata mti umeikata na asali. Shida mtu mwenye ada za watoto mwezi wa kwanza hawezi kusubiri nyuki, anachoma mkaa.

Dada wa Kibirizi
Mnaongelea mvuvi tu, sisi wanunuzi hamtuoni. Dagaa waliokaushwa kwenye kichanja na dagaa waliokaushwa mchangani ni samaki mmoja ila bei ni mbili, na msimu wa mvua wa mchangani wanaoza tunawatupa huku tunalia samaki wamepungua! Kabla mtu hajasema tuvue zaidi, tuuze kwanza tulichovua. Ila huo mpaka wenu unapita mfukoni kwangu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi zote nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Mzigo sina, marejesho ya mkopo kila wiki yapo palepale, nikauza cherehani. Nani alinifidia?

Mzee Ujiji
Wanangu, msisahau ziwa lenyewe limepata joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba inayolisha chakula cha dagaa iko huko chini. Hata tungevua kama walivyovua baba zetu bado samaki wasingekuwa walewale.

Mwana wa Katonga
Shikamoo mzee. Ulichosema kinamaanisha mpaka wetu uwe mdogo zaidi ya tunavyodhani, hatuwezi kupigia hesabu ziwa la miaka ya sabini.

Msomi, Uingereza nakubali, hata ukiwahesabia moshi wa bidhaa wanazoagiza China bado wameshuka, japo sio kwa kiasi hicho. Lakini umesahau kwamba mwaka 2008 walitunga sheria inayoweka kiwango cha juu cha gesi kwa kila kipindi cha miaka mitano. Kwaiyo walikuwa na mpaka! Na tenera ni hivyohivyo, mawese yakilipa sana na msitu wa kijiji hauna mipaka wala mlinzi, mtu atafyeka ili apande hiyohiyo tenera.

Dada yangu, wewe ndo umenibana kwelikweli na sitaki kukupaka mafuta. Kufunga ziwa huku mikopo inaendelea kudai ni kumbebesha mama wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, gharama ya ziwa zima. Mi naona ushuru unaokusanywa mialoni sehemu yake itengwe kwa ajili ya hiyo miezi mitatu, marejesho yasimamishwe bila riba, na vichanja vijengwe muda huohuo ili ziwa likifunguliwa kilo ileile ilete hela zaidi.

Dada wa Kibirizi
Ukisimamisha marejesho na vichanja vikawepo mi nasaini leo. Usiposimamisha, hata mkaweka doria mwalo mzima watu wataingia ziwani usiku, na mi nitawanunulia.