Mrejesho: lile eneo langu la Itigi

Wakuu, salaam. Mwezi wa nane niliuliza kama kuna haja ya kumlipa mtaalamu wa mimea na wanyama akague kabla ya kufyeka eneo la kiwanda changu kidogo cha kukamua alizeti, Itigi, mkoani Singida. Wengi mlisema nifyeke tu, "vichaka ni vichaka".

Nililipa wataalamu wawili. Wa kwanza alikuja Septemba, akapiga picha za vijiti vikavu, akaandika ukurasa mmoja: hakuna kitu. Wa pili akacheka. Vichaka vya Itigi hupukutisha majani kiangazi, sasa utatambua nini? Akaja Desemba, mvua imeshika. Nusu siku anatambaa kwa magoti, lenzi shingoni. Akanionyesha rundo la kinyesi cha digidigi, na vyura kwenye dimbwi ambalo mimi nililijua kama shimo la vumbi.

Kumbe vichaka vya aina hii viko hapa kwetu na kaskazini mwa Zambia, basi. Ripoti imeingia kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Mtambo nausogeza kando ya barabara, palipokuwa shamba la mtama. Ekari 3 za vichaka zinabaki. Mama watoto bado analalamikia hela ya yule wa kwanza, na sina la kumjibu.