Taka za Hori ya Tudor, mkono wa bahari mjini Mombasa: mkaazi wa kawaida aanzie wapi?

Mkaazi wa Tudor: Assalamu alaikum. Kila masika, mtaro wetu husomba chupa na nepi hadi kwenye mikoko. Je, mtu asiye na cheo wala fedha aanzie wapi?

Mama wa Mji wa Kale: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Anzia jikoni: tenga mabaki ya chakula, kwani chupa isiyopakaa mchuzi huuzika. Nami, hata kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2017, nilikwenda sokoni Marikiti na kikapu cha ukindu.

Mvuvi wa Mikindani: Naongezea kuhusu mikoko. Kichipukizi cha mkoko, kirefu kama kijiti, huchomekwa wima topeni, lakini si kule juu penye michu (aina nyingine ya mikoko), ambako maji hufika kwa nadra; sisi tulipoteza safu nzima hivyo.